Unga wa Mbao Ndani ya Difu

Jumapili, 2 Machi
Leo tena Pijo imekataa kuwaka mpaka jasho likanitoka. Plagi kavu, betri nzima. Kumbe kebo ya choki imekatika ndani ya ganda lake, ukivuta unavuta hewa tu. Nimeunga kwa waya, ikawaka. Tumefika kanisani wakati wa sadaka. Mke wangu Chebet hakuniongelesha hadi ibada ikaisha. Na yeye ndiye aliyekulia ndani ya gari hili! Lilikuwa la marehemu babake, nimelinunua mwezi jana kwa Kipkoech, kaka yake, kule Elburgon. Binti yetu Jerop ataenda harusini kwake ndani ya gari la babu yake. Nimeshaamua.

Jumatano, 5 Machi
Imechemka kabla sijafika Elburgon. Fundi wa mjini anataka niweke rejeta mpya. Upuuzi. Injini moto, bomba la juu baridi, basi maji hayapiti. Nimetoa themostati, kilango cha hayo maji, nikaichemsha kwenye sufuria ya Chebet. Haikufunguka. Mpya imewekwa, mchezo umeisha. Nafundisha fizikia hapa Njoro tangu nikiwa na nywele, fundi atanidanganya nini? Chebet ameitupa sufuria.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna mlio. Mwendo ukizidi kidogo, nyuma kunalia kama nzi kwenye chupa. Nimekanyaga klachi: bado. Nimetoa gia: bado. Basi si injini, si giaboksi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachilia unashuka. Ni difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Kesho naifungua.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Nimefungua difu na oili haikutoka. Umetoka uji. Nimeusugua kidoleni, nikaunusa. Unga wa mbao. Ujanja wa zamani wa wauza magari: unaushindilia humo, meno yaliyolika yananyamaza, mnunuzi anaondoka akitabasamu. Na nani ana unga wa mbao mlangoni kwake? Kipkoech anapasua mbao.
Nimempigia. Nimemwita mwizi. Nimesema babake angemwonea haya. Chebet alikuwa jikoni, simu ilikuwa kwenye spika. Kipkoech alingoja nimalize, akasema, "Sawa, shemeji." Akakata.
Nimefurahi kusema. Sitaficha.

Alhamisi, 13 Machi
Chebet analala chumba cha Jerop. Anasema kaka yake alinionya: "Shemeji, hii gari ni ya kukaa tu, wacha nikutafutie ingine." Ni kweli alisema. Mimi nilidhani anaing'ang'ania. Kizuri chajiuza, nikajiambia, nikazidi kumbembeleza.

Jumapili, 16 Machi
Kikao cha harusi. Kiti cha mjomba kitupu. Wazee wa upande wa Chebet wameuliza mara moja tu, kwa upole. Bila mjomba nani atambariki msichana? Jerop alikisogeza kile kiti ukutani. Hilo limeniuma kuliko swali.

Jumamosi, 22 Machi
Mama mkwe ameletwa kwetu, atakaa hadi harusi. Amenikuta chini ya Pijo akauliza natafuta nini. Nikamwambia habari ya unga wa mbao. Kikongwe alicheka mpaka akashika ukuta.
"Hiyo ni mimi nilichunga," akasema. "Na chungio yangu ya ugali. Mzee alisema hii gari inapiga kelele, itatuaibisha harusi ya Chebet. Tukaiweka hiyo unga. Kipkoech alikuwa shule, hajui kitu."
Harusi ya Chebet. Harusi yangu. Nakumbuka tulitoka kanisani tumeketi nyuma, mzee akiendesha. Nilimsifu kwamba gari lake ni kimya. Akasema, "Tunajaribu, kijana yangu." Baada ya hapo halikutoka nje ya Elburgon, na hakuna aliyewahi kufungua difu hadi nilipoifungua mimi.
Walifanya hivyo kwa ajili yangu. Nami nimemtukana mtoto wao kwa jambo hilo hilo.

Jumapili, 23 Machi
Nimepanda Elburgon kuomba msamaha. Kipkoech alikuwa nyumbani, anapanga mbao uani. Nilieleza yote, hadi chungio. Aliendelea kupanga. Nikasema nimekosa, nimekosa sana. Akasema, "Sawa." Nikauliza kama atakuja. Akasema Jerop ni mtoto wake. Hakunikaribisha chai. Katika nyumba ile sijawahi kukosa chai.
Maji yakimwagika hayazoleki. Nimewaambia wanafunzi hivyo mara ngapi?

Jumamosi, 29 Machi
Nimefunga difu ya mtumba kutoka Nakuru. Nimejaribu hadi kituo cha Longonot na kurudi. Haina mlio hata kidogo. Sikuona raha yoyote.

Jumapili, 6 Aprili
Harusi ya jana imepita salama. Kipkoech alikuja na suti ya kijivu. Alimbariki Jerop kwa maneno marefu, mazuri, nusu ya watu wakalia. Alikula, akawachekesha wageni.
Jioni nilimfungulia mlango wa mbele wa Pijo nimrudishe kwake.
"Asante, mwalimu," akasema. "Nitapata gari pale barabarani."
Mwalimu. Hivyo ndivyo wanavyoniita wenye maduka na wazazi wa wanafunzi. Yeye hajawahi.
Chebet alikuwa nyuma yangu, alisikia. Aliufunga ule mlango polepole, akaingia ndani. Leo tumerudisha viti vya kukodi, mimi na yeye. Mvua imenyesha tangu saa nane.