Kikwangulio cha Krismasi

14 Mtaa wa Tannery,
Coburn Falls, Maine.
Jumatatu, 3 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Lucille,

Pokea salamu za dada yako, tena nyingi. Masikio yanasemaje? Tangu yalipogoma, simu nawe haziendi. Mimi napiga kelele hapa mpaka mbwa wa jirani anaitikia, na wewe huko Texas unanijibu habari za joto. Ndiyo maana nimeamua kununua karatasi. Bega la Hank limepona? Na miti yenu ya pichi, ilinusurika na ile mvua ya mawe?

Sisi hatujambo. Theluji imekwisha, limebaki lile rundo chafu nyuma ya banda ambalo kila mwaka hujifanya halina habari kuwa ni mwezi wa tano. Goti langu linalalamika kwenye ngazi. Camille mzima, anakula kama anavyopenda na hanenepi, na mimi nikinusa mkate tu naongezeka.

Sasa kaa chini nikuambie habari ya Gail Pelletier. Naam, yule yule aliyesimama kwenye harusi yangu akauliza kwa sauti kama keki yangu imeegemea upande au ni macho yake. Nilikuwa sijamsamehe hilo, akaniongezea lingine.

Oktoba nilimpeleka Camille kukiona Chuo cha Pennard, kule Massachusetts. Majengo ya mawe, majani mekundu, na duka la fulana. Nikanunua stika. Tuliporudi nyumbani, kabla mtoto hajaandika hata mstari mmoja wa maombi yake, nikaibandika kwenye kioo cha nyuma cha pikapu: PENNARD, herufi kubwa za bluu. Najua, najua. Stika hubandikwa barua ya kukubaliwa ikishafika, na kila bibi wa mji huu anajua hivyo. Lakini miaka thelathini na moja nimewapakulia chakula watoto wa sekondari yetu, nimetazama stika za watu zikipita mbele ya dirisha la jiko langu kila mwezi wa tano, tatu kati ya hizo za watoto wa Gail. Safari hii nilitaka yangu. Sikuweza kungoja.

Camille aliomba mapema, pamoja na wale wanaoomba Novemba na kujibiwa Desemba. Tarehe 15 jibu likaja: hajakubaliwa, hajakataliwa. Ombi limeahirishwa, litatazamwa upya mwezi wa tatu pamoja na ya wengine wote.

"Maana yake nini?" nikamwuliza.

"Maana yake wanataka kwanza waone kama kuna wazuri kuliko mimi, Bibi."

Akafunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nilimtazama mgongo ule mwembamba, mgongo ule ule wa mama yake, marehemu Denise mwanangu, nikakichukia chuo hicho na mawe yake yote.

Siku nne baadaye tukawa na karamu ya zawadi parokiani. Unakumbuka tunavyofanya, kila mtu anachota jina kwenye kofia. Gail alikuwa amechota langu. Nikafungua karatasi ya dhahabu na utepe mwekundu, ndani nikakuta kikwangulio, kile cha wembe na mpini cha kutolea rangi kwenye vioo.

"Ni cha barafu hicho, Bernie," akasema, huku akihakikisha meza zote zinasikia. "Lakini nasikia hata stika zilizotangulia safari kinazitoa vizuri tu."

Watu walicheka, Lucille. Hata Padri Gagnon alijifunika mdomo kwa kitambaa cha mkono. Nami nilicheka, nilicheka mpaka fizi zikaniuma. Camille hakucheka. Nilipofika kwenye pikapu nilikitia kikwangulio kwenye kidroo cha mbele, pamoja na karatasi yake ya dhahabu na utepe wake, nikaapa kuwa Gail atakijutia.

Kuanzia siku hiyo nilianza kupita mbele ya nyumba yake kila asubuhi. Nikifika kwenye sanduku lake la barua nakanyaga breki, ili taa za nyuma ziimulike stika vizuri. Hakuna nilichokuwa nanunua upande ule wa mji.

Katikati ya Januari ikaja baruapepe kutoka Pennard. Walisema mhitimu wao wa zamani anayeishi karibu nasi yuko tayari kumfanyia Camille usaili. Watu hawa hawalipwi wala hawaamui. Wanakaa na mtoto saa moja, kisha wanaandika ukurasa mmoja na kuupeleka chuoni. Mimi nilipiga makofi jikoni. Ukurasa mmoja ulinitosha, akilini nilishamwona Gail akiula.

Mhitimu mwenyewe alikuwa Daktari Ellsworth Tate, daktari wa mifugo wa mji wa jirani, na mahali pa kukutania ni mkahawa wa donati, Jumamosi ya mwisho ya Januari. Wiki nzima nilimfundisha Camille majibu. Nilimtungia hata sababu sita za kuipenda Pennard, zote nzuri, akazikariri bila kubisha. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Camille hubishana nami hata juu ya chumvi.

Tulipofika nikaigeuza pikapu, nikaiegesha kinyumenyume ili stika ielekee moja kwa moja kwenye dirisha la mkahawa. Camille alijifunika uso.

"Bibi, tafadhali, baki humu. Wazazi hawaingii."

"Mimi si mzazi," nikasema.

Nilikaa dakika tano. Baridi ilikuwa ya kupasua meno, basi nikaingia, nikachukua kahawa na gazeti, nikakaa meza ya nyuma yao. Daktari ni mzee mrefu mwenye nywele za mbwa kwenye koti, na alikuwa amevaa skafu ya bluu ya chuo iliyochakaa. Hakunijua. Camille alinijua kwa viatu, akaendelea na sababu yangu ya pili.

Yule mzee akamkatiza. "Samahani, binti. Ile pikapu yenye stika ni ya nani?"

Nikalipandisha gazeti.

"Ya bibi yangu," Camille akasema. Kisha, Lucille, mtoto akayamwaga yote. Akamwambia stika ilibandikwa kabla hajaandika neno. Akamweleza kikwangulio na karatasi ya dhahabu, na namna ninavyokanyaga breki mbele ya nyumba ya Gail. Mimi nilikuwa sijui kwamba anajua habari ya breki. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

"Haya, huyo ni bibi. Wewe je? Wewe unapenda nini?"

Na Camille akamwambia samaki. Akamweleza wale samaki wadogo wanaopanda mto wetu kila majira ya kuchipua tangu bwawa la zamani lilipobomolewa, jinsi anavyokaa darajani na daftari kuwahesabu, mwaka juzi wangapi, mwaka jana wangapi, na kwa nini anafikiri wanachelewa. Alisema kwa nusu saa. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Oktoba. Hakutaja hata sababu moja kati ya sita zangu, na donati yake hakuigusa.

Mwisho daktari akasema, "Nitaandika hivi ulivyosema. Sijui kama ndicho wanachotaka, lakini ndicho nilichosikia." Alipoinuka akapita kwenye meza yangu, akainama. "Gazeti umelishika juu chini, mama."

Nyumbani hatukuzungumza habari hiyo. Nilijua kitu nilichokisikia, ila sikutaka kukijua. Nilikuwa nimeshachagua hata gauni la kumwendea Gail.

Tarehe 24 Machi jibu likafika: Pennard wamemkubali! Walitusubirisha siku tisini na tisa, nilizihesabu kwenye kalenda ya parokia. Mimi nililia, nikaruka kwa goti lile lile bovu, nikatafuta koti ili nitoke niende kwa Gail papo hapo. Camille alikuwa amekaa tu mezani. Pembeni yake kulikuwa na barua nyingine, ya chuo kikuu cha jimbo letu, iliyofika tangu Februari. Kule wangemtia mtoni kuhesabu samaki tangu mwaka wa kwanza. Pennard hawana mto. Wana bwawa la bata.

"Bibi, ukitaka niende Pennard, nitaenda," akasema. "Lakini nitakuwa nimekwenda kwa ajili ya Gail. Miaka minne. Na mimi hata simjui Gail kihivyo."

Nilikasirika, sikufichi. Siku tatu nilimpikia bila kuongea naye. Akilini nilimwona Gail akicheka tena, na kioo changu kitupu. Nilikuwa tayari kumtoa mjukuu wangu kama nauli ya kisasi changu, na hilo ndilo lililoniuma nilipolitazama. Siku ya nne nikamwambia, "Nenda kwa samaki wako. Lakini Pennard usiwajibu leo. Wametupa mpaka tarehe moja Mei, basi nao wasubiri."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu barua ifike. Wakaandika kuuliza, hakujibu. Wakatuma picha za bweni, hakujibu. Ijumaa iliyopita, tarehe 30 Aprili, saa kumi na moja jioni, akaketi mezani akaandika mistari miwili: asanteni, sitakuja. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kutuma, na utamu wake bado ninao kidoleni.

Juzi Jumamosi ikawa chakula cha maharage parokiani. Tarehe moja Mei wahitimu wa sekondari wote huvaa fulana za vyuo walivyochagua, na Camille alivaa ya chuo kikuu cha jimbo, ya kijani. Nikafika mapema, nikaegesha karibu na mlango mahali ambapo kila mtu atapita, nikatoa kikwangulio, nikaanza na herufi ya mwisho.

Gail akatokea na sufuria yake. Akaiona fulana, akaniona mimi, uso ukamng'aa.

"Maskini Bernie! Kumbe umekubali yaishe?"

"Njoo, mpenzi. Nishikie barua hii, mikono yangu ina gundi. Nisomee kwa sauti, miwani nimeisahau."

Akaweka sufuria juu ya boneti, akasoma. "Mpendwa Camille, tunayo furaha kubwa..." Sauti ikapungua. Watu walikuwa wamesimama.

"Endelea, Gail. Sauti. Sista Theresa kule nyuma hasikii."

Akasoma hadi mwisho, na mimi nakwangua, taratibu, A, N, N. Alipomaliza akasema, "Lakini wamemchukua! Sasa unakwangua nini?"

"Camille amewakataa."

"Amewakataa Pennard?"

"Hawana mto," nikasema. "Asante kwa zawadi, Gail. Nilidhani haitanifaa, kumbe ina makali."

Padri Gagnon akatafuta kitambaa tena, lakini safari hii kicheko kilimtangulia.

Unafikiri nilitosheka? Subiri. Wakati wa Pasaka, Gail alimpeleka mjukuu wake Wyatt kutazama chuo kimoja cha mchezo wa magongo kwenye barafu. Wyatt ataomba Novemba, maombi hajayagusa. Na gari la Gail lilikuwa pale pale kando yangu, kwenye kioo cha nyuma kuna stika mpya ya chuo hicho, inayong'aa. Nilikipangusa kikwangulio, nikakifunga kwenye karatasi yake ile ile ya dhahabu na utepe wake ule ule mwekundu, nikakiweka juu ya kifuniko cha sufuria yake.

"Kitunze karibu," nikamwambia. "Desemba si mbali."

Tukaingia kula. Maharage yake yalikuwa matamu, nilirudia mara mbili.

Chuo kikuu ni mwendo wa saa moja tu, kwa hiyo kila Jumamosi Camille atakuwa nyumbani. Kioo changu bado kina kivuli cha zile herufi, hakitoki hata kwa siki, na nimeamua kukiacha. Ndani ya bahasha nimekuwekea herufi P. Ndiyo pekee iliyotoka nzima.

Msalimie sana Hank, na mwanao Roland na mkewe Peggy, na yule mtoto wao mdogo anayeng'ata. Camille anakusalimu, anauliza mito ya huko ina samaki gani. Mungu akupe afya, akurudishie masikio, na maadui zako akuwekee mahali unapoweza kuwaona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyesahau,

Bernadette