Mama, Tundu Limeonekana

Mama yangu Pili,

Shikamoo. Marahaba yako najiitikia mwenyewe, maana huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike kule Kurui na bado sijazoea kuamkia bila kuitikiwa. Shule niliishia la saba, unajua, basi univumilie mwandiko. Barua hii naiacha wazi makusudi. Nataka na wale waliosema msibani kwako kwamba umekufa kwa ukaidi waisome.

Unaikumbuka baiskeli yako nyeusi? Wenzako walikuwa wanakucheka, "Pili dume huyo anapita," nawe unakanyaga zako na gunia la muhogo, unaelekea gulioni Mzenga. Tairi likiingia mwiba ulikuwa humsubiri fundi. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha polepole. Siku moja nilikuwa na haraka, nikashika kiraka na gundi nibandike popote. Ukanichapa kiganjani. "Ngoja uone linapotoka povu. Ukibahatisha, gunia hili utalibeba wewe kichwani."

Halafu ukaanza kuwaka. Umekaa tu unamenya muhogo, ghafla uso na shingo vinashika moto kama umeinamia jiko. "Umepanda," unasema, unajipepea kwa ncha ya kanga, na baada ya dakika chache umeshuka. Tumbo likawa linakusokota, choo hakikuachi, ukakonda. Wakasema vidonda vya tumbo, ukameza dawa. Wakasema homa ya matumbo, ukameza. Wakasema ni umri tu, hedhi inakatika. Mwisho wakasema ni shetani anataka ngoma, hapo ukagoma. "Mimi naumwa tumbo, ngoma ya nini?" Jibu hilo ndilo wanaloliita ukaidi mpaka leo.

Mama, mwaka huu moto umenipanda mimi.

Sasa naishi Kibaha. Mume wangu Rashidi ana kazi kule Kwala kwenye makontena. Tuna mtoto wa kike, nimempa jina lako. Namwita "mama", naye anaitikia kwa kupiga makofi. Alikuwa na miezi mitano nilipoanza kuwaka na kukimbilia choo. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, akasema ni uzazi. Baadaye akasema, "Haya ni ya kwenu. Twende Mzenga, kuna mtu anayajua." Nikamwambia, "Mama, mimi kwanza nataka kuona povu." Akanitazama kama nimerukwa na akili.

Hospitali nikakutana na dokta, binti mdogo kuliko mimi. Akauliza kitu ambacho wewe hukuulizwa na mtu: "Ukiwaka hivyo, unatoka jasho au unabaki mkavu?" Nikakuona unajipepea, uso mkavu kabisa. Nikalia palepale kwenye kiti. Wakanipima mengi, mpaka mkojo wa siku nzima kwenye dumu. Rashidi alikuwa analipita kwa mbali kama mna nyoka. Wakaona uvimbe kwenye ini, wakachukua kinyama kidogo. Majibu yakasema ni uvimbe wa nadra, unaomwaga kemikali kwenye damu, na hizo ndizo zinazoleta moto na kuharisha. Ila haukuanzia kwenye ini, na pale ulipoanzia walikuwa hawapaoni. Nikaandikiwa kipimo Dar: unachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, inauwinda uvimbe popote ulipojificha.

Sharti likawa moja. Kuanzia sindano mpaka kesho yake asubuhi, Pili nisimnyonyeshe wala nisimpakate, na maziwa niyakamue niyamwage.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Mionzi! Na una mtoto ziwani! Maziwa ya mama hayamwagwi, yatakukauka. Mkaidi wewe, ndiyo maana..." Akakatiza.

"Ndiyo maana mama yangu alikufa? Malizia tu, mama."

Nikamwambia sitaki ugomvi, lakini nitakwenda. Pili akose ziwa siku moja, asije akanikosa mimi. Nikamwekea unga wa uji mezani, nikatoka.

Kule, kijana wa mashine akanieleza dawa inavyofanya kazi. Uvimbe wa aina hii una vishikio vyake, dawa ikipita kwenye damu inanasa hapo, na mashine inaona panapong'aa. Nikamwambia, "Kumbe mnanitia kwenye karai!" Nikamsimulia tyubu yako. Akacheka mpaka akakaa. "Mama Pili, hii nitawaambia wagonjwa wote."

Jioni ile nililala kwa rafiki yangu, nikakamua maziwa na kuyamwaga, na machozi yalinitoka, sikufichi. Lakini sikujuta.

Siku ileile, kabla sijatoka, dokta wa kule alikuwa amenionyesha picha. Figo na wengu navyo vinang'aa, akasema ndivyo vilivyo kwa watu wote. Kisha akaweka kidole: vivimbe viwili vya kwenye ini, na kingine kidogo kama punje ya mtama kwenye utumbo mdogo. Ndiko ulikoanzia. Nitapasuliwa mwezi ujao, na kila mwezi nitachomwa sindano ya kuuzuia ule moto. Hakuniahidi kwamba nitapona kabisa. Ila sasa hawabahatishi, na mimi nakusudia kumpeleka Pili shule na kumpitisha darasa nililoishia.

Nilimuuliza kama na wewe ulikuwa na huu. Akasema hawezi kujua, hakuna kipimo chako hata kimoja, na mara nyingi ugonjwa wenyewe si wa kurithi. Basi na mimi sitalitangaza jina la ugonjwa wako. Ninachowaambia waliokusema ni hiki: walimbandika mama yangu viraka mwili mzima, na hakuna aliyemtia kwenye maji. Msiuite ukaidi, mwiteni mtu aliyejua anaumwa tumbo.

Asubuhi niliporudi, mama mkwe alikuwa kibarazani na Pili mgongoni. Akanipa mtoto. "Chukua mwanao, mkaidi wewe. Uji wote kamaliza." Kisha, taratibu: "Wameliona hilo povu lako?"

"Wameliona, mama."

Maziwa hayakukauka. Karai lako ninalo bado, ndimo namwogeshea Pili. Anapiga maji kwa viganja mpaka tunalowa wote.

Lala salama, mama.

Ni mimi binti yako, mkaidi wa pili,
Mama Pili