Sauti Yangu Kwenye Video ya Fahali

Bariadi, Jumapili, jua likianza kushuka. Upepo mkavu wa Agosti unaingiza vumbi mpaka ndani ya kabati la vyombo. Mimi nimejifungia chumbani kwa sababu sitaki mtu anitazame usoni.

Nina kinyaa. Si cha chakula wala cha choo. Ninajionea kinyaa mwenyewe, na naandika leo kabla sijazoea.

Mnaopita hapa kwenye blogu yangu mara kwa mara mnajua kwamba nasoma Ureno, shahada ya uzamili ya udongo, na kwamba nimekuja nyumbani likizo. Mwezi wa tano niliandika kidogo kuhusu wikiendi tuliyovuka mpaka kwenda Hispania, mimi na marafiki zangu wawili. Niliweka picha za makanisa, vichochoro na maua ya madirishani. Jumamosi jioni yake niliiruka. Nilijiambia haina maana.

Marafiki wenyewe ni Lusia, Mmsumbiji ninayelala naye chumba kimoja, na Marek, Mpolandi wa darasani kwetu. Tulikuta mji una sikukuu. Marek alikuwa ameshakata tiketi tatu za uwanja wa fahali, akitaka kutushtukiza. Lusia alisema yeye haingii, atatusubiri bustanini, na akaenda zake akila aiskrimu. Hakueleza sababu. Hakuna aliyemdai sababu.

Marek akanigeukia. "Na wewe? Si umesema kwenu ni wafugaji? Au utalia?"

Nikacheka. Nikamwambia kwetu ng'ombe wanachinjwa kila sikukuu na mimi huwa nashika beseni la damu. Nikatangulia kupanda ngazi.

Ni kweli huwa nashika beseni. Baba mdogo ndiye mchinjaji wa ukoo wetu. Ng'ombe hutolewa zizini taratibu, wenzake wakiwa wameshapelekwa malishoni, analazwa, kisu kinapita mara moja. Watoto wakipiga kelele wanafukuzwa. Hata redio inazimwa. Sijawahi kuona mtu anacheka mpaka ngozi iwe imetandikwa chini.

Kule uwanjani kulikuwa na bendi.

Fahali wa kwanza aliingia mbio, mweusi, shingo nene, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Kwa dakika moja nilifurahi kwa dhati, maana alikuwa ng'ombe mzuri kuliko wote niliowahi kuona, na nikamuwaza Baba. Kisha mtu aliyepanda farasi akamchoma mkuki nyuma ya shingo, akaukandamiza, akausokota. Farasi mwenyewe alikuwa amefungwa kitambaa machoni. Wakaja wengine kwa miguu, wakampachika vijiti vya rangi vyenye ncha za chuma. Vikabaki vinaning'inia na kugongana mgongoni kila akikimbia. Damu ilishuka mpaka kwenye kwato. Sisi tulikaa upande wa jua, na harufu ikaanza kutufikia, ile harufu ya chuma ninayoijua, ila hapa imechanganyika na sigara na manukato ya mama mmoja aliyekaa mbele yetu anakula mbegu za alizeti na kutema maganda.

Mwishoni akaja wa kumuua kwa upanga, akakosea mara mbili. Upanga uligonga mfupa ukaruka. Fahali akakojoa pale pale aliposimama, ulimi nje, halafu akawaacha watu wote, akatembea polepole mpaka kwenye mlango alioingilia, akasimama mbele yake.

Mtoto yeyote wa kijijini kwetu Dutwa angejua pale ng'ombe anataka nini.

Nilikuwa nimeshika simu, narekodi. Watu wakapiga kelele za kushangilia za Kihispania, "Ole!" Na mimi nikapiga. Nikarudia. Kelele yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Marek.

Tulikaa mpaka fahali wa sita. Wote walikokotwa nje na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, wenye njuga, na kila mara vijana wenye reki wakaja kufukia damu kwa mchanga ili pawe safi kwa anayefuata. Usiku tulikula mchuzi wa mkia wa ng'ombe. Nilikula wote. Nilirudi Ureno nikaendelea na maisha, na kusema kweli sikuota chochote.

Leo ndiyo nimeota macho wazi.

Tumetoka kanisani, tumekula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga, ambayo Mama huniwekea tangu msimu wa mvua. Baba mdogo akasema tuone hizo picha za Ulaya. Nikaunganisha simu na televisheni. Picha zikapita moja moja, Mama anauliza mbona mitaa yao haina watu, tunacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba video ipo katikati ya picha hizo. Ilianza yenyewe, sauti juu, fahali ameshasimama mlangoni.

Ningeweza kuzima. Rimoti ilikuwa mapajani kwangu.

Mama alinyanyuka akakusanya vyombo. Baba mdogo akauliza kama watu hao hawana mashamba ya kulima. Baba ana maksai wanne, na siku moja nikiwa darasa la sita alininyang'anya fimbo shambani kwa kuwa nilimpiga mmoja wao machoni, akalima peke yake mpaka jioni bila kunisemesha. Leo alitazama video kwa uso ule ule, mikono magotini.

"Hiyo sauti inayoshangilia ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akatazama tena mpaka mwisho.

"Mayu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Huyu alikuwa anataka kurudi zizini. Umeona?"

"Nimeona."

"Siku ile uliona?"

Hapa ndipo ningeweza kudanganya. Watu walikuwa wengi, uwanja mkubwa, nilikuwa nashughulika na simu. Angeniamini.

"Niliona."

Akavaa kofia yake akatoka.

Nilimfuata baadaye na kikombe cha maji. Nilimkuta zizini anamtoa maksai kupe masikioni, mmoja mmoja, anawaponda kwa jiwe. Alipokea kikombe bila kugeuka.

"Ulikuwa unamwogopa nani pale?"

Nilifikiria nikaona hakuna njia nyingine ya kulijibu swali lake. "Mwenzangu mmoja. Anaitwa Marek."

"Ni mkubwa sana?"

"Hapana. Ni mwembamba. Anavaa miwani."

Baba akanirudishia kikombe. Nilitamani acheke. Nilitamani hata anigombeze. Aliinama akaendelea na sikio la pili, na mimi nikasimama pale nanuka sabuni ya Ulaya katikati ya samadi, sina la kufanya na mikono yangu.

Nimerudi chumbani nikamwandikia Marek. Nimemwambia kwamba siku ile sikutaka kuendelea kutazama, kwamba nilishangilia ili asinione mshamba, na kwamba mkuki na ule mchuzi wa mkia vimenirudia leo kwa pamoja. Niliandika nikiwa na hasira naye. Nilitaka ajisikie vibaya.

Amejibu sasa hivi. Anasema yeye alitaka kutoka uwanjani tangu fahali wa kwanza. Alikuwa ananiangalia pembeni. Aliponiona napiga kelele akadhani nafurahia, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua ng'ombe, akaona aibu kuwa yeye ndiye wa kusema tuondoke. Mchuzi aliutapika hotelini, akafungua bomba tusimsikie.

Nimesoma ujumbe huo mara nne.

Fahali wengine watano walikuja baada ya yule. Watu wawili tusiotaka kuwaona tulikaa bega kwa bega tukiwashangilia wote, kila mmoja akimsubiri mwenzake anyanyuke.

Simu nimeiweka kitandani. Nje Baba amefunga mlango wa zizi, naisikia miti yake ikigongana. Asubuhi nitamwomba nimsaidie kuwapiga maksai dawa ya kupe. Akikubali nitakwenda. Akikataa nitauliza tena keshokutwa.