Mke Wangu Hasikii Tena Harufu ya Viungo Vyake

Mshauri mpendwa, naomba msaada, nakuandikia nikiwa mbele ya cherehani na suruali ya mteja imelala haijashonwa, maana kichwa hakitulii. Mke wangu anatengeneza viungo vya chakula, si vya kuuza, vya nyumbani tu, lakini akianza kukaanga bizari nyembamba na giligilani kwenye kikaango kikavu, majirani wote hujikuta wana jambo la kuja kuuliza kwetu, na akishavitwanga na karafuu, iliki na pilipili manga, akachekecha, hata maharage yaliyolala yanakuwa chakula cha mgeni. Sasa juzijuzi aliugua mafua makali, akapona, tukashukuru, ila siku moja narudi nyumbani nakuta moshi umetanda jikoni, bizari imekuwa nyeusi tii, na yeye kasimama hapohapo anakoroga huku anaimba, nikajua, mshauri, kwamba pua ya mke wangu haifanyi kazi tena.

Hajaniambia, nami sijamuuliza. Ananinyooshea tu kiganja chenye unga na kusema, "Baba, hebu nusa, unaonaje?" nami najibu, "Safi kabisa, mama," kwa sababu anavyonitazama siwezi kumvunja moyo, kisha nakula mchuzi mchungu na kuomba niongezwe.

Balaa limekuja pale binti yetu, aliyehamia mbali kikazi, alipopiga simu: "Mama, huku chakula hakina ladha, nitumie viungo vyako." Mke wangu alifurahi mpaka akasahau kukata simu, akatwanga asubuhi nzima, akajaza kopo, akanipa nilipeleke stendi. Nikalifungua njiani, linanuka mkaa na karafuu tupu. Sijalituma. Nimelificha dukani chini ya vitambaa, na kila nikirudi ananiuliza, "Mtoto kapata?" nami nasema basi limechelewa. Nafikiria ninunue viungo vya dukani nivijaze humo nitume, yaishe. Nifanyeje?

Fundi cherehani, njia panda

JIBU

Fundi, pole. Nimeona unavyompenda mkeo, na mtu anayeomba aongezwe mchuzi wa namna hiyo hana mchezo. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nani kakuambia mkeo anakuficha? Mtu anayenyoosha kiganja na kusema "hebu nusa" anaomba kuazima pua. Hajaenda kwa jirani, kaja kwako, kwa sababu wewe ndiye mtu anayemwamini, na wewe kila siku unampa "safi" ya uongo. Mteja akikuuliza kama suruali imemkaa, nawe unaona imechanika nyuma, utamwambia aende tu harusini? Huo upole wako umemwacha peke yake na moshi wake.

Na hivyo viungo vya dukani usithubutu! Binti atavijua kwa kijiko cha kwanza, atampigia mama yake, na hapo utanitafuta tena.

Leo funga duka mapema. Mpe kopo mkononi, mwambie, "Bizari iliungua, nimekuwa nikikudanganya, nisamehe." Usimhutubie. Akilia, usikimbilie nje, kaa naye. Kisha mpeleke hospitali, maana kunusa kunaweza kurudi na kunaweza kuchelewa, na hilo la daktari, si langu wala lako. Kwa sasa gesi ikague wewe, maziwa yanuse wewe. Na kikaango kikiwa motoni, simama pembeni yake: mikono na vipimo ni vyake, pua ni yako. Akiuliza, jibu kweli tupu. "Bado." "Inakaribia." "Epua!"

Msomaji, fundi alitupigia simu baadaye. Anasema alimweleza mkewe yote, akalikabidhi kopo, akasubiri machozi. Mkewe alimtazama usoni, kisha akakaa chini na kucheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe wewe unasikia harufu!" akasema. "Mimi kila nikikuona unaomba kuongezwa mchuzi ule mweusi, nasali kimyakimya, nikidhani nimekuambukiza."

Wamekaanga upya pamoja. Binti kapata kopo lake na tayari anataka la pili, na hospitali wameshaanza kwenda. Fundi anasema daktari kawapa matumaini kidogo, ila jikoni hapewi nafasi ya kupumzika: akijisahau kidogo tu, anafokewa, "Nusa, baba, acha kuota!"