Fulana zangu dukani kwa shemasi

Oya, uko macho?

Si unakumbuka shemasi alivyozinyanyua fulana zangu mbele ya kanisa zima? Zile nilizoandika YESU kwa mwandiko wa chupa za soda. "Huyu kijana anamuuza Bwana kama soda!" Wateja wote wakanikimbia.

Sasa leo nimeingia dukani kwa mkewe. Fulana zangu zimetundikwa! ZILEZILE! Hata lile taji nililokosea kulichora likakaa kombo, wameliiga na ukombo wake.

Mama mwenyewe anachekelea: "Chagua mwanangu, kabuni mume wangu."

KABUNI MUME WAKE!

Nimenunua moja, nikamwambia asante mama. Jumapili naivaa, nakaa benchi la mbele. Mchungaji akinigombeza tu, nasimama kwa heshima zote: "Baba, zipo nyingi kwa shemasi, hata saizi yako."