Sanduku la Mama Mkwe

Mwenzangu, nimekwisha. Mama mkwe anafungasha arudi kwake, na mume wangu hataki hata kuniangalia usoni.

Si unajua najifunza kuchora? Mwalimu katuambia mtu tumjenge kwa maumbo: kichwa mpira, mikono mabomba, kiwiliwili sanduku. Upande wa karibu mkubwa, wa mbali mdogo. Basi leo mchana mama kajilaza kwenye kochi, nikakaa miguuni kwake nikaanza kumchora. Kabla sijamaliza sanduku, akaamka.

Wifi, yule mdaku, si akafungua daftari langu! "Mama, njoo uone mkweo alivyokuchorea jeneza!"

Mama akaniuliza, "Hiki ni nini?"

Nami nikajibu, "Ni sanduku tu, mama."

SANDUKU! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

"La nani?"

"Lako, mama. Mwalimu anasema tuanze na sanduku, mtu anaingia baadaye."

MTU ANAINGIA BAADAYE! Niliyasema hayo, mwenzangu, tena kwa adabu zote!

Na wifi anacheka, kashika mbavu. Mpaka sasa namsikia huko sebuleni.

Acha acheke. Kesho namchora yeye, na lake nalipigilia misumari.