Mavuno ya Shamba Lako la Chekalini

Dada Ayuma,

Leo mchana mvua imenyesha hapa mjini, ile yetu isiyokosa, nikasinzia mbele ya kompyuta ofisini. Nikakuona umeketi kwenye kiti chako na kikombe cha chai, unanitazama nikiandika swali. "Wewe unaulizanga data kama mtu amekimbizwa na nyuki," ukasema. Nikaamka nikicheka peke yangu, nikageuka. Kiti chako bado kiko. Hakuna anayekikalia.

Kazi ni ile uliyonifundisha: majedwali mawili ndani ya programu ya takwimu, moja la waliopanda mahindi Lugari, lingine la mavuno yaliyopimwa. Nikaiambia programu iyaunganishe kwa namba ya shamba. Majibu yakashuka mstari kwa mstari, nami, nusu usingizini, nikawa kama natembea katikati ya mahindi ya Chekalini, majani yakinigusa mabega. Nikafika mahali shamba lako linapofaa kuwa. Halipo.

Niliumia, dada. Kukuzika tulikuzika, lakini hili la kukufuta sikuwa nimejiandaa nalo.

Ndipo nikakumbuka ulivyonieleza, kwamba kuunganisha hivyo hubakiza tu walio katika majedwali yote mawili. Wewe ulipanda. Mavuno yako hayakupimwa kwa sababu tuliyala sisi tuliokuja matangani, yangali mabichi, ya kuchemsha na ya kuchoma, tukiota moto nyumbani kwako. Hakuna gunia lililofika kwenye mizani.

Nikaandika swali upya, polepole: leta wote waliopanda, hata wasio na mavuno. Ukarudi! Namba yako, Chekalini, aina ya mbegu, kisha nafasi tupu.

Bosi wetu akaniambia, "Hiyo weka tu sifuri, twende." Nikamwambia sifuri ni ya aliyekosa mahindi, na huyu alitulisha. Naye alikuwa matangani, na nilimwona akiomba hindi la pili. "Basi wacha hivyo," akasema, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Ripoti inaenda hivyo, nafasi yako ikiwa wazi, na chini yake nimeeleza ni nani waliokula.

Pumzika, dada yangu. Ndugu zako wakivuna msimu ujao nitakuja na mizani mwenyewe. Na kabla sijapima chochote, nitaomba hindi moja la kuchoma.

Mdogo wako wa kazini,
Mmbone